Mpingo Niliouandika kwenye Fomu

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, alichonga vinyago kwa miaka ishirini na mbili kabla ya kuja Kanada, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na jina lake. Jambo hilo nililijua tangu nilipomwoa dada yake, lakini sikulitilia maanani mpaka nilipoanza kumsoma mwanafalsafa mmoja, Mmarekani Mweusi, aliyefariki kabla sijazaliwa.

Nieleze kwanza ninavyosoma. Shule niliiacha kidato cha pili. Hapa Toronto kazi yangu ni kukagua mizigo kwenye ghala moja Rexdale, karibu na uwanja wa ndege: napewa orodha, nahesabu maboksi, nikikuta tofauti naandika. Tabia hiyo nimeihamishia kwenye vitabu. Kila sura naisoma mara tatu. Mara ya kwanza bila kamusi, ili nijue nisichokijua. Mara ya pili na kamusi. Mara ya tatu naandika kwa Kiswahili, kwenye kadi moja isiyozidi kiganja, kile ambacho mwandishi amesema. Kadi nazihifadhi kwenye boksi la viatu vya kazini. Mke wangu huniuliza boksi likijaa tutalizika wapi. Shemeji ndiye aliyeanza kuniita Profesa, na kwa kuwa ni shemeji, sina pa kwenda kushitaki.

Huyo mwanafalsafa nilimkuta Jumamosi moja ya Septemba, kwenye tawi la maktaba ninakokwenda kila wiki. Makala ya kwanza ilinichukua Jumamosi nne. Nilichoelewa, kama nilivyokiandika kwenye kadi, ni hiki. Alifundisha falsafa chuoni maisha yake karibu yote, lakini kazi iliyomfanya akumbukwe aliifanya nje ya darasa. Aliwakusanya washairi, waandishi wa riwaya na wachoraji Weusi waliokuwa vijana, akachapisha kazi zao pamoja, akawaandikia barua, akawatafutia watu wa kuwasaidia. Aliwaambia waache kuandika kana kwamba wako mahakamani wakijitetea. Waandike walivyo. Wengine walimpinga, tena watu wazito. Walisema watu wanaouawa hawana nafasi ya sanaa isiyopigana. Mabishano hayo hayajaisha, na sidhani kama ni kazi yangu kuyaamua.

Kadi iliyonifanya nisimame ilikuwa ya saba. Hapo alizungumzia vinyago vya Afrika. Aliwaambia wachoraji na wachongaji wa kwao kwamba wanao urithi wa kisanaa kama Wazungu walivyo na Wagiriki wao. Na kitu alichokiona kwenye vinyago hakikuwa kile nilichozoea kusikia kikisifiwa. Hakusema vina moto, au mizimu, au ngoma. Alisema vina nidhamu. Mchongaji wa Kiafrika alikuwa mtu anayejizuia, mwenye vipimo, asiyetia kitu kisichohitajika. Ndiyo maana, alisema, msivinakili vinyago. Igeni ile nidhamu. Na kweli, ukitazama picha zilizochorwa Amerika baada yake, unaona nyuso zimeanza kuwa na mistari mikali na macho yaliyofumbwa nusu, na unajua mchoraji alitazama kitu gani.

Mimi namjua mtu mmoja tu mwenye tabia hiyo. Alikuwa anakaa ghorofa ya kumi na moja, jengo la pili kutoka kwetu, na alikuwa akipanga maboksi ya mboga zilizogandishwa kwenye ghala la baridi. Tangu afike hapa, miaka tisa, hakuwa amechonga chochote. Tezo lake na patasi sita zilikuwa zimefungwa kwenye khanga chini ya kitanda.

Jumapili iliyofuata alikuja kula kwetu, kama kawaida. Nilimsomea kadi ya saba. Alisikiliza huku akichambua samaki, na alipomaliza upande mmoja akamgeuza.

"Huyo mzee wako," aliniuliza, "aliwahi kushika tezo?"

Nilimwambia sijaona popote palipoandikwa hivyo.

"Basi amejitahidi."

Baadaye kidogo, wakati mke wangu anaondoa vyombo, shemeji alirudia jambo hilo mwenyewe. Alitaka kujua mzee aliyaandika mwaka gani. Nilimwambia ni kama miaka mia moja iliyopita. Alifikiri, akasema kwamba basi wao huko Amerika walikuwa wanatazama vinyago vyetu, na sisi kule kwetu tulikuwa tunamtazama mtalii. Hakucheka aliposema hivyo, nami niliiandika.

Nilikuwa nimegundua jambo jingine, nikamwambia na hilo. Kwenye vitabu vyote nilivyoazima kulikuwa na picha za vinyago, na chini ya kila picha pameandikwa kabila, nchi, urefu, na nani anakimiliki. Jina la aliyechonga halipo hata moja. Alisema hilo si la kushangaza. Pale alipochonga yeye, Dar es Salaam, mwenye duka hakutaka majina. Mteja akijua jina atamtafuta mchongaji.

Mwezi wa kumi maktaba ilibandika tangazo: mwezi wa pili, ambao hapa ni mwezi wa historia ya watu Weusi, ukumbi wao ungekuwa na maonyesho ya kazi za wakazi wa eneo hili. Aliyeyasimamia alikuwa mama mmoja mzaliwa wa Jamaika, mfanyakazi wa maktaba, ambaye alikuwa amenizoea kwa sababu ya vitabu ninavyoomba viletwe kutoka matawi mengine. Nilimweleza habari za shemeji. Aliniambia nafasi moja ya meza imebaki na fomu zinafungwa Ijumaa.

Nilichukua fomu nikaenda nayo kwa shemeji. Ilikuwa Jumatano. Alisema vidole vyake si vile tena. Baridi ya ghala imevikaza, asubuhi kuvikunja ni kazi. Alisema Kanada haina mti. Dada yake ndiye aliyemjibu, maana nilikuwa nimekwenda naye. Alimwambia kwamba watoto wote wawili, wa kwake na wa kwetu, wakiulizwa mjomba au baba alikuwa nani, watasema alipanga mboga. Shemeji akanitazama mimi, akasema, "Profesa, andika. Ila kikiharibika ni kimoja tu, sina vidole vya kuchonga cha pili."

Niliijaza nyumbani kwa mwandiko wangu mzuri. Jina. Anwani. Kichwa cha kazi: niliacha wazi. Kulikuwa na mstari wa kuandika kitu kilichotumika. Nilifungua boksi, nikatoa kadi ya Wamakonde niliyoiandika miaka mitatu nyuma, ambayo ilisema mpingo, nami nikaandika mpingo. Sikumuuliza. Gogo lilikuwa halijapatikana, na mimi, mtu ninayelipwa kuhakikisha orodha inalingana na mzigo, nilijaza orodha kabla ya mzigo kuwapo.

Siku kumi baadaye upepo ulivunja mti nyuma ya jengo lao. Watu wa manispaa walikuja kuukata vipande. Ulikuwa mepo, mti ule ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Shemeji alishuka akawaomba gogo moja kwa ishara, wakampa mawili, na yeye na msimamizi wa jengo wakayapandisha kwa lifti. Alipaka nta ya mshumaa kwenye ncha zote ili yasikauke haraka, akayaweka balkoni ndani ya mfuko wa plastiki. Alinieleza kwamba mti mbichi ukiuingiza kwenye nyumba yenye hita unapasuka kama mkate. Hilo hakulisoma popote. Aliligusa gogo akalijua.

Alichonga kuanzia Novemba hadi Januari, siku zake za mapumziko, mchana, balkoni, amevaa koti la kazini la ghala la baridi. Alikata ncha za glavu ili vidole viguse mti. Kila baada ya nusu saa aliingia kuvipasha moto kwenye kikombe cha chai, kisha akatoka tena. Jirani wa chini alilalamika mara moja juu ya kelele. Alipoonyeshwa kinachofanyika alirudi na mkeka wa mpira wa kuweka chini ya gogo.

Nilikuwa nategemea angechonga kile tunachokijua sote, watu waliopandana mabegani mmoja juu ya mwingine, au shetani mwenye sikio moja. Alichonga mwanamke amekaa, mkoba mapajani, mikono miwili imeushika, kichwa kimeegemea upande na macho yamefumbwa. Ni mwanamke wa basi la barabara ya Kipling saa kumi na mbili asubuhi, anayetoka kwenye zamu ya kulea wazee. Yeyote anayepanda basi lile anamjua. Dirisha hakulichonga. Kichwa kimeegemea hewa, na bado unaona kwamba kimeegemea kitu. Nilipomuuliza kwa nini hakianguki, alisema uzito uko kwenye mkoba.

Mti wenyewe ulikuwa mweupe unaoelekea rangi ya chai ya maziwa, na begani mistari ya mti ilizunguka kama maji. Nilikuwa sijawahi kuona kazi yake ikiwa na rangi hiyo. Sikusema kitu kwa sababu nilikwisha kusahau fomu.

Wiki ya mwisho ya Januari maktaba ilitoa vipeperushi. Nilichukua vitatu, kimoja nikampelekea, nikajivuna kidogo kumwonyesha jina lake limechapishwa. Chini ya jina paliandikwa neno la Kiingereza la mpingo, ambalo analijua vizuri, maana kwenye biashara ya vinyago ndilo neno la kwanza kujifunza. Alilisoma. Alikikunja kipeperushi akakitia mfukoni, akaniuliza kama mke wangu amepona mafua. Niliondoka nikiwa na furaha.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda na gari la mwenzangu wa kazini kukichukua kinyago. Nilipofunguliwa mlango nilisikia harufu ya rangi ya viatu. Kinyago kilikuwa juu ya gazeti mezani, cheusi chote, kinang'aa. Makopo mawili matupu yalikuwa pembeni, na soksi kuukuu.

Lazima nieleze kwa asiyejua. Mpingo ni mti mgumu na haukui haraka, na umezidi kuwa adimu. Mtalii anataka kinyago cheusi. Kwa hiyo mchongaji asiye na mpingo huchukua mti laini wowote, akachonga, akaupaka rangi ya viatu, akausugua mpaka uwe mpingo wa macho. Shemeji alinisimulia mambo hayo zamani kama mzaha. Kule kulikuwa na mzee mmoja aliyesema anaujua mpingo halisi kwa kuunusa, na kumbe alichokuwa ananusa ni kopo.

Nilimuuliza kwa nini.

"Uliandika mpingo," alisema. "Watu wameshachapisha. Nikuache uonekane mwongo mbele yao?"

"Shemeji, si ungeniambia nimekosea?"

"Na wewe si ungeniuliza?"

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba chumvi. Nilikaa. Mikono yake ilikuwa imeingia weusi kwenye kucha. Alikuwa ameipaka siku yake ya mapumziko, peke yake, kazi ya miezi mitatu, kwa ajili ya neno nililolitoa kwenye boksi la viatu.

Sikukichukua. Nilirudisha gari la mwenzangu, na kesho yake kabla ya zamu nilikwenda maktaba. Nilimweleza yule mama wa Jamaika kosa lilivyotokea, kuanzia kadi mpaka kopo, bila kuruka. Alinisikiliza akiwa na kalamu mkononi. Alisema vipeperushi vimeshatoka na hawezi kuvirudisha, lakini kibandiko cha mezani hakijachapwa, na hapo ataandika atakachoambiwa. Nilitarajia atasema kinyago lazima kisafishwe. Alisema hilo halimhusu. Kama mchongaji anataka mepo uliopakwa rangi ya viatu, ataandika mepo na rangi ya viatu. Alichohitaji kwake ni ukweli kabla ya Jumatano, na jina linavyoandikwa.

Hilo lilinipa kazi ngumu kuliko niliyoijia. Nilikuwa tayari kumpelekea shemeji amri ya maktaba. Sasa nilipaswa kumpelekea uamuzi wake mwenyewe.

Jumamosi asubuhi nilikwenda bila kadi. Nilimwambia kosa ni langu na nimeshalisema mahali panapohusika, kwa hiyo jina langu halina tena haja ya kulindwa. Nilimwambia na mengine aliyosema yule mama. Aliniuliza mara mbili kama kweli amesema rangi ya viatu inaruhusiwa kuandikwa. Ilimchekesha. Aliita jikoni, mkewe aje asikie kwamba Kanada kopo nalo linaandikishwa.

Kisha akakaa mbele ya kinyago.

"Mzee wako angesemaje?"

Nilijibu kutoka kichwani, kwa uangalifu, maana sikutaka kumtia mtu maneno mdomoni. Nilisema kwamba aliwaambia vijana wake wasiandike yule Mweusi ambaye mnunuzi anamtaka, wala yule ambaye mtetezi anamtaka. Lakini nilisema pia lile nililolisoma baadaye, ambalo silipendi: kwamba yeye huyo huyo aliwapeleka baadhi ya vijana hao kwa wafadhili matajiri Wazungu, na miongoni mwao walikuwapo waliotaka Mweusi abaki mtu wa porini, na alipwe kwa kubaki hivyo. Kuna waliopata shida kujitoa.

"Kumbe na yeye alipaka kidogo," alisema shemeji.

"Kidogo."

"Wachongaji wake, waliweka majina?"

"Wake, ndiyo. Wote wanajulikana."

Mkewe alimletea chai. Shemeji akainywa yote. Akasimama, akaenda kabatini akatoa chupa ya tapentaini iliyobaki walipopaka rangi dirisha, akafunga kioo kidogo ndani ya kitambaa, akakivunja kwa nyundo, akachagua vipande vitatu vyenye ukingo alioutaka. Ndivyo wachongaji wanavyolainisha kazi: kwa ukingo wa kioo. Alinipa kitambaa na tapentaini nikae upande wa mgongo. Ilikuwa mara ya kwanza kunipa kazi yoyote juu ya kinyago chake, na aliniambia nikigusa uso atanivunja mkono.

Tulikwangua Jumamosi hiyo na Jumapili. Mkwaruzo wa kioo unatoa utepe mwembamba wa mti, kama ngozi ya kitunguu. Weusi ulitoka mgongoni, mapajani, kwenye mkoba. Mashavu yalichukua mchana mzima. Jumapili jioni ulikuwa umebaki ndani tu, pale patasi ilipopita kwa kina: kwenye mikunjo ya kitambaa cha kichwa, kati ya vidole, na kwenye mstari wa kope. Nilichukua msumari mwembamba nikamwonyesha jinsi ya kuutoa. Aliushika mkono wangu akauweka kando.

"Huo uache. Hapo nimechoka, na yeye amechoka."

Kisha akakipindua juu ya mkeka wa mpira na kuchonga jina lake chini ya kitako, herufi kubwa, majina yote matatu. Herufi moja ya jina la babu ilikwenda kombo kwa sababu ya kidole. Alisema babu mwenyewe hakuwa mnyoofu.

Jumatatu nilipeleka maelezo ya kibandiko: jina, kichwa cha kazi ambacho alikichagua mwenyewe, *Basi la Kwanza*, na mti, mepo wa Rexdale, pamoja na mabaki ya rangi ya viatu. Yule mama aliyasoma mara mbili, akauliza kama niko tayari kuyatia sahihi. Nilimwambia safari hii nimeuliza.

Maonyesho yalifunguliwa Jumamosi, mchana. Shemeji alikuja na suti ya harusi yetu. Binti yetu alikuja pia. Yeye hunisikia kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza, na alikaa mbele ya kinyago muda mrefu kisha akaniuliza, kwa Kiingereza, kwa nini mjomba hakuwahi kusema. Nilimwambia amuulize mjomba. Alimuuliza, kwa Kiswahili kilichovunjika mahali pengi, na nikaondoka pale ili wasione ninasikiliza.

Kulikuwa na bwana mmoja, mkusanyaji kwa maelezo yake, aliyesoma kipeperushi, kisha kibandiko, kisha akaja kuniuliza kama kuna kazi nyingine, ya mpingo, nyeusi. Nilimtafsiria shemeji. Alisema hakuna, kwa adabu, akarudi kwenye meza yake.

Kilichomsumbua ni kwamba jina lilikuwa chini, mahali ambapo hakuna anayeliona. Kwenye kibandiko lilikuwapo, tena kubwa, lakini hilo halikumtosha. Kwa kila mtu aliyesimama zaidi ya dakika moja, shemeji alikisogelea kinyago, akakiinua kwa mikono miwili, akakipindua, akaonyesha. Watu walisoma, walitikisa vichwa, naye akakirudisha na kukigeuza kidogo ili kichwa kiegemee upande wa dirisha la ukumbi. Alifanya hivyo mara ya nne, mara ya tano. Hatimaye yule mama wa Jamaika alikuja taratibu, akaniomba nimweleze mwenzangu kwamba sheria ya ukumbi hairuhusu mtu kugusa vitu vya maonyesho.

Nilimtafsiria. Alikuwa bado amekishika, kimepinduliwa, kidole gumba kiko juu ya ile herufi ya kombo.

"Mwambie," alisema, "hiki ni changu."

Nilimtafsiria na hilo.